Mkono wa Baruti

Barly Baruti, mchoraji wa hadithi za picha aliyezaliwa Kisangani mwaka 1959, hutajwa mara nyingi kuwa mwanafunzi wa Hergé, Mbelgiji aliyembuni mhusika Tintin, na wanaosema hivyo wana sababu: miaka ya 1980 alipata mafunzo katika studio ya Hergé mjini Brussels. Sifa hiyo ina mwiba ndani yake. Hergé ndiye aliyempeleka Tintin Kongo kuanzia mwaka 1930, katika hadithi iliyowachora Wakongo kama watoto wajinga wenye sura moja, naye mwenyewe hakuwahi kukanyaga nchi hiyo. Mkongo ana lipi la kujifunza kwenye nyumba ya mtu huyo?

Naamini alijifunza nidhamu ya kazi. Mwanagenzi wa useremala huondoka kwa fundi wake akiwa anajua kupima na kunoa randa. Nakshi ataichonga mwenyewe. Hergé pia alibadilika. Alipoichora China katikati ya miaka ya 1930, alikaa chini na Zhang Chongren, Mchina aliyekuwa akisomea sanaa Brussels, akajifunza mitaa na mavazi kabla ya kuyachora. Mazoea hayo ya kuchunguza kwanza ndiyo ninayoyaona kwa Baruti. Mstari wa Hergé, ule mwembamba usio na kivuli, sioni kama aliuchukua: kurasa zake zina vivuli, rangi nzito na nyuso zinazozeeka.

Kitabu cha kupimia dai hili ni Madame Livingstone cha mwaka 2014, alichokichora kwa maandishi ya Christophe Cassiau-Haurie. Ni habari ya Vita ya Kwanza ya Dunia katika Ziwa Tanganyika. Rubani Mbelgiji anaisaka meli ya Wajerumani, Graf von Götzen (ndiyo hiyo hiyo iliyozamishwa mwaka 1916, ikaopolewa na kuitwa Liemba), na anayemwongoza ni chotara anayevaa sketi ya Kiskoti na kujiita mtoto wa Livingstone. Mchoraji mvivu angemfanya huyu kichekesho. Baruti anampa macho ya mtu anayejua zaidi ya bwana wake, na hapo ndipo Tintin wa Kongo anapojibiwa.

Wapo watakaosema kwamba waandishi wake ni Wafaransa na wachapishaji wake wako Ufaransa, kwa hiyo mkono ni wake ila jicho ni la wengine. Hoja hii haielewi ufundi wenyewe. Mwandishi huandika kwamba mpagazi amesimama; mchoraji ndiye anayeamua kama mpagazi huyo ana uso. Isitoshe, katika mfululizo wa Mandrill alioufanya na Frank Giroud, Mkongo huyu aliwachora Wafaransa wa baada ya Vita ya Pili kwa miaka kadhaa, bila dhihaka. Wala Brussels haikuwa mwanzo wa sanaa hii. Kinshasa ilikuwa na jarida la Jeunes pour Jeunes tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, na Baruti naye alishiriki kuanzisha huko karakana ya Acria ya kuwafunza vijana.

Mchapishaji wa Dar es Salaam au Nairobi anayetafuta kitabu cha picha cha kukitia katika Kiswahili na aanze na Madame Livingstone. Ziwa ni letu, na meli ni ya Kigoma.