Mizani ya Nukta Nane: Tafsiri ya Uridium

Aghalabu tafsiri hupimwa kwa kile ilichokihifadhi. Kipimo kikali zaidi ni kile ambacho mfasiri alikubali kukipoteza. Ushahidi mmoja umo katika sanaa isiyozoeleka katika kurasa za ushairi: mchezo wa kompyuta uitwao Uridium, uliobuniwa na Andrew Braybrook nchini Uingereza na kutolewa mwaka 1986 kwa ajili ya Commodore 64.

Maudhui yake ni mepesi. Ndege ndogo huruka juu ya manowari za angani, 15 kwa idadi, ikishambulia na kukwepa, huku mandhari ikitiririka chini yake, mbele au nyuma, apendavyo mchezaji. Uzito wote umo katika fani. Mashine ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 64 na prosesa ya takriban megahezi 1. Chipu yake ya picha iliweza kuisogeza skrini hadi nukta 7 bila taabu. Ya 8 ilipowadia, programu ililazimika kuvipanga upya visanduku vya mandhari, kila kimoja nukta 8 kwa 8, kwenye skrini iliyochorwa mara 50 kwa sekunde. Mtunzi wa shairi la mizani 16 anaijua hali hii: katika mizani ya 8, kina cha kati hudai haki yake.

Mwaka huohuo Dominic Robinson aliuhamishia mchezo kwenye ZX Spectrum. Mashine hiyo haikuwa na chombo cha kuisogeza skrini. Prosesa ilifanya yote. Tena kila kisanduku kiliruhusu rangi 2 tu, hata vitu vikipishana vikaambukizana rangi. Robinson aliuacha uwanja wa vita katika rangi moja, akaushika mwendo.

Hasara ni dhahiri: mng'ao wa chuma uliozipa manowari za Braybrook umbo na uzito umefifia. Hata hivyo, lau angelishika rangi na kuuachia mwendo, angelibakiwa na picha ya Uridium, si Uridium. Katika mgogoro wa mashairi huru uliopamba moto miaka ya 1970, upande mmoja uliona kanuni kuwa pingu, mwingine ukaziona kuwa ndio ushairi wenyewe. Kazi ya Robinson inazikosoa pande zote mbili: arudhi si pingu wala si roho, bali ni njia ambayo roho hupitia. Mfasiri asiyejua mapigo ya moyo wa kazi yako wapi atahifadhi kila kitu isipokuwa uhai wake.