Risiti Zote kwa Majina Yake

Katika saiba za mitaa ya Umoja, Buruburu na Kayole jijini Nairobi, kazi inayoonekana ni ya haraka: kuprinti barua, kutoa kopi ya kitambulisho, kujaza ritani za kodi za KRA, hasa juma la mwisho la Juni kabla ya tarehe 30. Kuna kazi nyingine isiyo na foleni. Mzee mweka hazina wa chama cha kufaana analeta flashi yenye folda moja. Ndani yake mna risiti za michango zilizoskaniwa kwa miaka mingi. Anataka kitu kimoja tu: karatasi ya Excel yenye jina la kila faili, ili mwanachama akiuliza risiti yake iko wapi, aonyeshwe papo hapo.

Wengi hudhani hapo ni kubonyeza tu. Nimekaa kando ya mhudumu mmoja wa Umoja nikimtazama, na kwangu mimi ni ufundi sawa na wa fundi cherehani anayepima mara mbili kabla ya kukata.

Kwanza hafungui chochote. Anaikagua flashi kwa programu ya virusi, ananakili folda nzima kwenye kompyuta, kisha anaichomoa flashi na kumrudishia mwenyewe. Kuanzia hapo, kosa lolote litaangukia nakala. Anatazama chini ya dirisha la folda, ambako kompyuta huandika idadi: faili 412. Anaiandika kwa kalamu kwenye kijikaratasi na kukibandika ukingoni mwa kioo. Kisha anawasha mpangilio wa kuonyesha mikia ya majina, .pdf na .jpg, kwa sababu Windows huificha isipoambiwa, na risiti iliyoskaniwa kisha ikapigwa picha kwa simu huonekana kama faili mbili za jina moja.

Sasa anabofya pale juu penye njia ya folda, anaandika cmd, na dirisha jeusi linafunguka likiwa tayari ndani ya folda ile. Amri ya dir ni ya zamani, ilikuwamo katika MS-DOS ya mwaka 1981, na bado inaitika. Ikiachwa peke yake huleta tarehe, saa na ukubwa wa kila faili. Yeye huongeza /b ili yabaki majina matupu, na /a-d ili folda ndogo zisiingizwe, kisha alama ya > inayopeleka majibu kwenye faili badala ya kioo. Anaandika taratibu:

dir /b /a-d > ..\orodha.txt

Zile nukta mbili ndizo zilizonifanya nisogeze kiti. Zinapeleka orodha nje ya folda, hatua moja juu. Bila hizo, orodha.txt ingezaliwa ndani ya folda ile ile kabla dir haijaanza kusoma, nayo ingejiorodhesha kana kwamba ni risiti. Majina yangekuwa 413, na mtu angeshinda jioni nzima akiisaka risiti ya ziada.

Anaibandika orodha katika safu ya kwanza ya Excel. Safu hiyo haiguswi tena. Kazi inafanyika kwenye nakala yake, safu ya pili. Aliyeziskani risiti hizo mwanzoni alikuwa na nidhamu, kwa hiyo majina mengi yamekaa hivi: 2009-03-14_mchango_048.pdf. Mwaka umetangulia, kisha mwezi, kisha siku, na hivyo ukipanga kwa herufi umepanga kwa tarehe. Namba ina tarakimu tatu, kwa maana Excel ikipanga majina kama maandishi huiweka 10 kabla ya 2. Anaondoa .pdf na .jpg, anakata majina penye mstari wa chini, na kabla ya kuthibitisha anaiambia Excel kwamba safu ya namba ni maandishi. Asingefanya hivyo, 048 ingegeuka 48.

Kisha yanabaki majina yaliyopotea njia: Scan0007, IMG-20190302-WA0011, "mpya kabisa". Hapa kasi inaisha. Anafungua moja, anasoma, anaifunga, anaibadilisha jina kwenye folda yenyewe. Ile ya WhatsApp imebeba tarehe, lakini haiamini, kwa kuwa mara nyingi hiyo ni siku picha ilipoingia kwenye simu, wala si siku mchango ulipolipwa. Anaikuza mpaka muhuri usomeke. Mteja akija kuprinti, anaupaka rangi mstari aliofikia, anahifadhi, ndipo anainuka. Akirudi anaanzia hapo hapo. Akimaliza majina yote anarudi kwenye dirisha jeusi na kuanza orodha upya, maana ile ya kwanza imeshapitwa na wakati.

Matoleo ya Excel tangu 2016 yanaweza kuivuta folda yenyewe na kuisoma upya kwa kubofya mara moja. Anayajua, na huyatumia kwa wateja wenye kompyuta mpya. Ya mzee nyumbani ni ya zamani.

Katika safu ya mwisho anaweka fomula ya kutoa namba ya juu kutoka kwa inayofuata. Moja, moja, moja, sifuri penye faili pacha, halafu mbili.

"Mzee, 132 siioni."

"Angalia vizuri, mwanangu."

"Nimeangalia. Kuna 131, kuna 133."

Mzee anafikiri kwa muda. Ile ilikosewa jina, anasema, ikaandikwa upya kwa namba nyingine. Mhudumu anaingiza mstari wa 132, anaacha safu ya faili wazi, na katika maelezo anaandika: "Imefutwa, kwa kauli ya mweka hazina," pamoja na tarehe ya leo. Kisha anahesabu kwa sauti ili mzee asikie. Namba ya mwisho ni 409. Toa iliyofutwa, 408. Ongeza picha nne za simu zilizorudia skani, 412.

Anaongeza viungo, ili ukibofya mstari risiti ifunguke. Haandiki njia nzima inayoanza na herufi ya diski, anaandika jina la folda na la faili tu, kwa kuwa flashi hiyo hiyo hupewa E kwenye kompyuta moja na F kwenye nyingine. Anaweka folda na karatasi pamoja kwenye flashi na kujaribu mistari michache kutokea huko, ya juu, ya katikati, ya chini.

Mwisho anaifuta nakala iliyo kwenye kompyuta, na kulimwaga pipa la takataka, mzee akiona. Majina ya watu na michango yao ni data binafsi, nayo inalindwa na sheria ya Kenya ya mwaka 2019, lakini yeye, anavyoniambia, alikuwa akifanya hivyo hata kabla ya hapo.