Urembo au Umbo? Istilahi za Fomu ya Ridhaa

Miongoni mwa maandishi yaliyotufikia kwa ajili ya kusanifiwa imo tafsiri ya fomu ya ridhaa, ile atiayo sahihi mgonjwa kabla ya kufunguliwa fuvu. Mfasiri anastahili pongezi kwa sarufi yake safi na sentensi zake fupi. Hata hivyo, fomu ya namna hii haipimwi kwa ufasaha peke yake, bali kwa yale anayoyaelewa mwenye kutia sahihi. Kwa kipimo hicho, istilahi tatu zina kasoro.

Ya kwanza ni “upasuaji wa ubongo”. Katika kazi hii tabibu hutoboa matundu, hukata mfupa baina yake, hutoa kipande, na mwishoni hukirudisha na kukifunga, mara nyingi kwa vibati na skrubu za titani. Damu ikiwa imevilia baina ya mfupa na utando mgumu wa ubongo, huondolewa bila ya ubongo wenyewe kukatwa. Tena upo upasuaji ambao mfupa haurudishwi siku hiyo. Twapendekeza basi dhana zitenganishwe: kutoboa fuvu, kufungua fuvu, kuondoa mfupa wa fuvu, na kuziba fuvu.

Ya pili ni “matokeo ya urembo”. Urembo katika Kiswahili ni pambo: wanja, hina, herini. Mgonjwa aambiwaye kwamba urembo wake huenda ukaathirika atadhani jambo hilo ni dogo, na pengine mwanamume ataona halimhusu. Kumbe njia ya kupitia panjani, iliyoenezwa na Gazi Yaşargil huko Zurich katika miaka ya 1970, humlazimu tabibu kuubandua msuli wa panja. Msuli huo huanzia ubavuni mwa fuvu, hupita upande wa ndani wa mfupa wa shavu, na kushika taya la chini. Ni mmojawapo wa misuli ifungayo kinywa tunapotafuna. Ukipungukiwa na damu, neva zake zikijeruhiwa, au ukirudishwa bila ya kukazwa vema, huweza kusinyaa. Panja hubonyea, na wengine hupata maumivu au ugumu wa kupanua kinywa. Hasara hiyo si ya pambo. Istilahi ifaayo ni “umbo la uso”, na kazi ya msuli itajwe mbali na umbo.

Ya tatu ndiyo yenye hatari zaidi. Mfasiri ametumia “kupooza” kwa hali mbili. Tawi la neva ya uso liendalo kwenye paji hupita juu ya msuli wa panja, karibu na ngozi. Likijeruhiwa, nyusi hainyanyuki. Huko ni kupooza: msuli upo, lakini amri haiufikii. Msuli wa panja uliopungua wingi wake haukupooza kwa sababu hiyo tu. Umesinyaa, na huenda ungali ukitafuna. Kwa mgonjwa aliyetoka kufunguliwa fuvu, habari ya kupooza huweza kuwa dalili ya damu kuvuja ndani ya kichwa, na muuguzi hana budi kumwita tabibu mara moja. Neno hilo likitumiwa ovyo litazua hofu isiyo na msingi, au, vibaya zaidi, litazoeleka hata lisimshtue mtu.

Wako watakaosema kwamba kusinyaa ni kwa majani, wala si kwa nyama ya mwili. Sisi twaonelea kuwa huo ndio ubora wake: kila aliyeona jani likisinyaa ataelewa pasipo kufafanuliwa. “Kudhoofu” hakutoshi, kwani hutaja nguvu na kuacha wingi.

Haya ni mapendekezo. Twawaomba wafasiri na walimu wa uuguzi wayajaribu kwa kuwasomea watu wasio wataalamu, kisha wawaulize wameelewa nini. Istilahi itakayoshindwa mtihani huo irudishwe mezani, hata ikiwa ni yetu.