Kugawa Rangi za Kitenge Kimoja

Familia nyingi zikipanga kwenda studio huwazia sare: kitenge kimoja, kuanzia bibi hadi kitukuu. Harusini sare hupendeza, kwa kuwa watu hutembea na kuchanganyika na wageni. Lakini studioni, wakibanana bega kwa bega mbele ya kamera, maua yale yale hujirudia kifua hadi kifua, jicho likakosa pa kutua na nyuso zikamezwa na nguo. Ndiyo maana namvulia kofia mtu anayejua kugawa rangi.

Mtazame dukani Kariakoo. Hakiamini kitenge chini ya taa. Hukitoa hadi mlangoni, kwani taa huweza kuifanya damu ya mzee ionekane kahawia na bluu iliyokolea ionekane nyeusi. Hukikunjua, akarudi nyuma hatua chache, akafumba macho nusu. Rangi inayozidi kumpigia kelele ndiyo atakayoitumia kwa uchache. Kisha, "Bibi, hebu sogea mwangani," akaiweka ncha ya kitambaa chini ya kidevu chake. Hapo hatazami kitenge tena. Anatazama uso, kama umenawiri au umefifia.

Kitenge chenyewe, yadi 6, humwachia bibi: gauni na kilemba. Akaaye katikati ndiye abebe maua. Wengine huvaa rangi zilizomo kitengeni: baba hupewa shati la damu ya mzee lisilo na ua, mama bluu iliyokolea, watoto rangi ya maziwa. Njano, ambayo kitengeni ni vitone tu, huishia kwenye utepe wa nywele za binti mdogo. Aliyechora kitambaa alishapima rangi ipi itawale na ipi ionjwe tu. Mgawa rangi hufuata kipimo hicho. Vipande vinavyobaki, fundi cherehani huvishona kwenye mfuko wa shati la baba.

Ya kamera pia anayajua. Nyeupe pee kando ya ngozi nyeusi humpa mpiga picha mtihani: akiokoa shati, uso unaingia giza, akiokoa uso, shati linapotea. Mistari myembamba huikataa, maana kamera ya dijitali huweza kuitia mawimbi yasiyokuwepo. Wala hamvishi nyekundu kali anayempakata mtoto, isije ikarusha wekundu shavuni mwa huyo mtoto.

Mgeni akiiona picha hiyo ukutani huuliza, "Huyu ndiye kifungua mimba?" kabla hajauliza kitenge kilinunuliwa wapi. Swali hilo likitangulia, mgawa rangi anajua kazi yake imekubali.