Kamera ya Kompyuta kwenye Darubini: Jinsi Picha ya Mshtarii Inavyopatikana

Picha safi ya sayari, iliyopigwa kwa darubini ndogo na kamera ya kompyuta ya bei nafuu, yaani ile kamera inayobandikwa juu ya skrini kwa ajili ya mazungumzo ya video, ni zao la hesabu zaidi kuliko zao la kifaa. Kamera ya aina hiyo ina kihisi kidogo, hutoa picha zenye chenga, na haiwezi kukusanya mwanga kwa muda mrefu, lakini ina sifa moja ambayo kamera za filamu za karne ya 20 hazikuwa nayo: hupiga picha nyingi, fupi na za mfululizo, na kila moja hubaki peke yake hadi ichunguzwe. Sifa hiyo moja ndiyo iliyobadili upigaji picha wa sayari tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mfano wa Mshtarii unatosha kuonyesha namna ilivyofanya hivyo.

Kikwazo kikuu ni hewa. Mwanga wa sayari, baada ya kusafiri mamilioni ya kilomita katika ombwe bila kuvurugwa, hupita katika angahewa ambamo mafungu ya hewa yenye joto tofauti huchanganyika bila kukoma, na kwa kuwa hewa ya moto na ya baridi hupinda mwanga kwa viwango tofauti, taswira inayofika kwenye darubini hutikisika, hunyumbuka na kutawanyika mara nyingi ndani ya sekunde moja. Filamu, ambayo mara nyingi ilihitaji sekunde kadhaa ili kupata mwanga wa kutosha wa sayari iliyokuzwa, ilijumlisha mitikisiko yote hiyo katika picha moja, na tokeo likawa duara lenye ukungu. Ndiyo maana kwa miongo mingi mtazamaji mzoefu mwenye penseli na karatasi, aliyevizia nyakati fupi za utulivu na kuchora alichokiona, aliweza kurekodi mambo madogo kuliko yale yaliyobaki kwenye filamu.

Mwaka 1978 mwanasayansi wa Marekani David L. Fried alichapisha hesabu ya uwezekano wa kunasa picha fupi ambayo hewa haikuivuruga. Hesabu hiyo inalinganisha kipenyo cha darubini na upana wa eneo la hewa ambalo mwanga hupita ndani yake bila kupotoshwa sana, upana ambao katika usiku wa kawaida huwa sentimita chache hadi sentimita 10 hivi. Kipenyo cha darubini kikiwa mara 5 ya upana huo, takriban picha moja kati ya tisa hutoka vizuri. Kikiwa mara 7, ni moja kati ya karibu 400. Na kikiwa mara 10, ni moja kati ya milioni moja hivi. Mambo mawili yanafuata. La kwanza ni kwamba picha nzuri zipo, zimefichwa katikati ya mbaya, na anayepiga mamia au maelfu ya picha ana haki ya kutarajia kuzipata. La pili, ambalo linapaswa kumtia moyo kila anayeanza, ni kwamba darubini ndogo, ya kipenyo cha sentimita 11 kwa mfano, haizidi upana huo kwa mara nyingi, kwa hiyo sehemu kubwa ya picha zake hufaa, ilhali darubini kubwa iliyowekwa chini ya hewa hiyohiyo hulazimika kutupa karibu kila kitu.

Kamera iliyoifanya njia hii ienee ilikuwa Philips ToUcam Pro, kifaa cha plastiki kilichotengenezwa kwa matumizi ya nyumbani, ambacho ndani yake kulikuwa na kihisi cha Sony ICX098BQ chenye pikseli 640 kwa 480, kila pikseli, yaani kila kijisehemu kinachopokea mwanga, ikiwa na upana wa mikromita 5.6. Wapenzi wa anga waliipenda kwa sababu kihisi chake kilikuwa na usikivu mzuri wa mwanga kuliko vile vya kamera nyingi za bei ile, na kwa sababu lenzi yake ndogo ilifunguka kwa kuzungushwa tu. Lenzi hiyo haihitajiki, kwa kuwa darubini yenyewe huwa ndiyo lenzi: mahali pake hufungwa bomba fupi lenye kipenyo cha milimita 31.75, ambacho ndicho kipimo cha tundu la kuwekea lenzi ya kutazamia katika darubini nyingi, na wengi walitumia kikopo cha plastiki kilichokuwa kikihifadhia mkanda wa filamu ya milimita 35, kwa sababu hicho huingia kwenye tundu hilo karibu bila kurekebishwa. Kuondoa lenzi kuna gharama mbili ambazo hazina budi kuzingatiwa. Kihisi hubaki wazi kwa vumbi, na kila chembe huonekana kama doa kwenye picha. Tena, katika kamera nyingi, kichujio kinachozuia mwanga wa infraredi, yaani mwanga ambao jicho haliuoni lakini kihisi huuona, hutoka pamoja na lenzi, hivyo ni lazima kiwekwe kingine mbele ya bomba, la sivyo rangi hupotoka na, katika darubini za lenzi, ukingo wa sayari huvimba.

Kinachofuata ni suala la ukubwa wa taswira, na hapo ndipo wanaoanza wengi hukosea kwa kutaka sayari ijaze skrini. Vipimo vya angani hutolewa kwa sekunde ya tao, ambayo ni sehemu moja kati ya 3,600 za digrii moja. Darubini ya kioo yenye kipenyo cha milimita 114 na urefu wa fokasi wa milimita 900, aina inayopatikana kwa urahisi, ikifungwa kamera yenye pikseli za mikromita 5.6, huipa kila pikseli sekunde 1.28 za tao, na Mshtarii, ambayo inapokuwa karibu na Dunia huwa na upana wa sekunde 45 hivi, huchukua pikseli 35 tu. Darubini hiyo, kwa kanuni ya Dawes, inaweza kutenganisha nukta mbili zilizoachana kwa sekunde moja ya tao, na ili uwezo huo usipotee panahitajika walau pikseli mbili kwa kila sekunde. Lenzi ya Barlow ya mara mbili, ambayo hurefusha fokasi ya darubini, hufikisha kila pikseli kwenye sekunde 0.64 na Mshtarii kwenye pikseli 70, huku mwanga ukigawanywa kwa nne. Ya mara tatu huvuka kiwango kinachohitajika, lakini mwanga hugawanywa kwa tisa na chenga huongezeka mno. Kwa kamera hii ile ya mara mbili ndiyo chaguo la busara, hata kama sayari itaonekana ndogo.

Kazi ya usiku wenyewe inahitaji subira kuliko ustadi. Darubini huachwa nje kwa muda ili kioo chake kifikie joto la hewa, kisha fokasi hurekebishwa kwa kutazama miezi ya Mshtarii hadi kila mmoja uwe nukta ndogo kabisa, na marekebisho yote ya kamera yanayojiendesha yenyewe huzimwa, kwa sababu kamera, ikiona anga jeusi limetawala, huongeza mwanga hadi sayari igeuke duara jeupe lisilo na mkanda wala doa. Kasi ya kupiga nayo ina mipaka yake. Waya wa USB 1.1 wa wakati ule ulipitisha megabiti 12 kwa sekunde, ilhali picha moja ya pikseli 640 kwa 480 ina karibu megabiti 3.7, na hivyo kamera iliyoamriwa kutuma picha 30 kwa sekunde ililazimika kuzibana hadi mambo madogo yakafutika. Wazoefu walichagua picha 5 au 10 kwa sekunde. Kikomo kingine kinatoka kwa Mshtarii yenyewe, ambayo hujizungusha mara moja kwa saa 9 na dakika 55 hivi, na katikati ya uso wake alama husogea karibu robo ya sekunde ya tao kila dakika, kwa hiyo video inayozidi dakika tatu au nne huanza kujifuta yenyewe. Dakika mbili kwa picha 10 kwa sekunde hutoa picha 1,200, na hizo zinatosha.

Baadaye kompyuta huzipima picha hizo kwa ukali wake, huzipanga kuanzia bora hadi mbaya, hutupa zisizofaa, huzilinganisha zilizobaki ili kila alama ikae juu ya mwenzake, na kutoa wastani wake. Programu ya RegiStax ya Cor Berrevoets wa Uholanzi ndiyo iliyoifikisha kazi hii mikononi mwa watu wa kawaida bila malipo, na AutoStakkert ya Emil Kraaikamp ikafuata baadaye. Faida ya wastani hukua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya picha, maana yake ni kwamba picha 400 zikiunganishwa chenga hupungua mara 20. Na kwa kuwa kamera hii hutambua viwango 256 tu vya mwangaza, chenga zenyewe husaidia, kwa sababu hufanya pikseli iyumbe kati ya viwango viwili, na wastani wa kuyumba huko hufichua kiwango cha kati ambacho picha moja isingeweza kukionyesha. Ni baada ya hatua hiyo tu ndipo picha inaweza kunolewa bila kuharibika. Unoaji uliopita kiasi huzua pete na michirizi ambayo haipo angani, na picha iliyonolewa kwa kiasi, ijapokuwa ni laini, ina ukweli zaidi.

Njia hii imezaa elimu ya kweli. Februari 2006 Christopher Go, akiwa Cebu nchini Ufilipino, alitambua kwamba dhoruba ya Mshtarii iitwayo Oval BA, iliyokuwa nyeupe, ilikuwa imegeuka nyekundu. Na tarehe 19 Julai 2009 Anthony Wesley wa Australia aliona karibu na ncha ya kusini ya sayari hiyo doa jeusi lililoachwa na kitu kilichoigonga, jambo ambalo lilithibitishwa kwa darubini ya NASA iliyoko Hawaii. Kamera ya Wesley ilikuwa ya video ya viwandani, bora kuliko ya mezani, lakini utaratibu ulikuwa uleule wa kupiga nyingi na kuchagua.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna faida ya kijiografia ambayo haitajwi vya kutosha. Jijini Dar es Salaam sayari zinazopita katikati ya anga hufika kwa kawaida nyuzi 60 au zaidi juu ya upeo, ilhali London huweza kuishia nyuzi 15 tu katika baadhi ya miaka, na kadiri sayari inavyokuwa juu ndivyo hewa inayopitiwa na mwanga wake inavyopungua. Ugumu uko kwenye stendi ya kiikweta, ambayo mhimili wake mmoja huelekezwa kwenye ncha ya anga ili darubini iifuate nyota kadiri Dunia inavyozunguka: Dar es Salaam mhimili huo hulala kwa nyuzi 7 hivi na Nairobi karibu ulale kabisa, na stendi nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya nchi za kaskazini hazishuki kiasi hicho. Asiye na stendi ya kufuata nyota hana sababu ya kukata tamaa, kwani bila lenzi ya Barlow sayari hukaa ndani ya picha karibu sekunde 55 kabla ya kutoka, na vipande kadhaa vya video vilivyopigwa mfululizo vinaweza kuunganishwa.

Jua lisielekezewe darubini kamwe bila kichujio maalumu kinachofunika mdomo wake wote wa mbele, kwa sababu kihisi na jicho huungua papo hapo. Nebula na magalaksi, ambayo ni hafifu mno, yanahitaji kamera ya aina nyingine. Anayeanza aanze na Mwezi, ambao ni rahisi kuupata na kuurekebishia fokasi, kisha ahamie Mshtarii na Zohali; na walimu wa fizikia wenye darubini iliyofungiwa kabatini na kamera ya kompyuta isiyotumika wanahimizwa kuviunganisha muhula huuhuu, kwa kuwa vifaa vya kutosha tayari wanavyo.