Urefu Uliokaa Chini ya Mstari: Kusoma Vipimo vya Mafuta ya Mwili Ufipani

BMI ni sehemu: juu ya mstari kuna uzito kwa kilo, chini kuna urefu kwa mita, ukizidishwa kwa wenyewe. Tunaitumia kuamua nani ana uzito uliozidi na nani ana kiribatumbo, ilhali ndani yake mafuta hayatajwi popote. Misuli, mifupa, maji na mafuta vyote vimepandishwa juu ya mstari kwa jina moja la kilo. Mbelgiji Adolphe Quetelet, aliyeutunga uwiano huu miaka ya 1830, alikuwa akimsaka mtu wa wastani katika takwimu zake. Jina la BMI lilikuja mwaka 1972, kwa Ancel Keys.

Tuchukulie wasichana wawili wa Sumbawanga. Mmoja ana sentimita 150 na kilo 56, mwenzake sentimita 170 na kilo 72. Wote wanapata 24.9, kando kabisa ya 25 panapoanzia uzito uliozidi. Wa kwanza hulima matuta ya duara ya Kifipa, yale ambayo nyasi hufukiwa chini ya udongo zioze, kazi ya jembe inayojenga mgongo na mabega. Wa pili hushinda dukani amekaa. Sehemu haina pa kuiweka tofauti hiyo.

Kinachonisumbua zaidi ni ule mraba wa chini. Unachukulia kwamba uzito hufuata mraba wa kimo kwa namna ileile kwa mfupi na kwa mrefu, bila kujali uwiano wa miguu na kiwiliwili. Rukwa, mkoa wa hao wasichana wawili, unaolisha wengine mahindi, utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikuta asilimia 56.3 ya watoto chini ya miaka mitano wamedumaa. Ule wa 2022 ulikuta asilimia 49.8. Udumavu hufupisha miguu zaidi kuliko kiwiliwili. Mtoto aliyedumaa akikua, kiwiliwili chake, kizito kwa kulinganisha na kimo, husimama juu ya miguu mifupi. Namba ya chini hupungua, jibu hupanda, na mafuta hayajaongezeka hata gramu. Kipimo kinaandika unene mahali palipopita njaa.

Kibano cha ngozi kinaigusa mada yenyewe. Hushika mkunjo mbele na nyuma ya mkono wa juu, chini ya mfupa wa bega mgongoni, na juu ya nyonga, kikasoma milimita. Hadi hapo ni ushahidi wa kuaminika, mradi mkono wa mpimaji umezoea. Lakini ili milimita ziwe asilimia, hupitishwa kwenye milinganyo kama ile ya Durnin na Womersley ya 1974, iliyotokana na watu 481 waliopimwa Glasgow, pamoja na kupimwa uzito wakiwa majini. Msimulizi amebadilika katikati ya hadithi: ngozi ni ya Sumbawanga, hitimisho linatoka Uskoti.

Mizani ya umeme hupitisha mkondo mdogo mwilini, nao hupita kwa urahisi zaidi kwenye maji kuliko kwenye mafuta. Huuliza umri, jinsia na urefu, kisha hutoa asilimia yenye desimali. Mlinganyo wake hauonekani. Mtu yuleyule, akitoka shambani na jasho au akitoka kunywa maji, anaweza kupata majibu tofauti kwa mwili uleule, na desimali ikabaki na sauti ya uhakika.

Mimi naegemea futikamba ya kiunoni. Inasema tumbo lina sentimita ngapi, ikanyamaza. Mipaka ya 94 kwa wanaume na 80 kwa wanawake nayo ilipendekezwa kutoka Glasgow, mwaka 1995, kwa hiyo si yetu. Ila namba yenyewe hubaki wazi, na kesho inaweza kusomwa kwa mpaka mwingine. Wanaopendekeza kiuno kisizidi nusu ya urefu wanaurudisha urefu chini ya mstari, na udumavu unarudi nao.

Fomu ya kijana wa Ufipa ingehitaji safu tatu zisizogawanywa: kiuno, milimita za mkunjo, na urefu akiwa ameketi kando ya urefu akiwa amesimama. Hii ya mwisho huipata mtu mwenye benchi na futikamba, na ndiyo inayoonyesha kama miguu ilibaki nyuma.