Jumamosi ya Randa

Ukitaka kumjua fundi seremala, usianze na kitanda alichokimaliza; tazama sakafu yake. Maranda yakiwa mapana, mepesi, yamejikunja bila kukatika, ujue makali ya randa ni mazima na aliyeishika anajua nyuzi za mti zinaelekea wapi. Yakiwa vipande vipande na vumbi, basi kitanda kile msasa umeficha mengi, na vanishi imeficha yaliyobaki.

Vibanda vya kazi hii havijapungua Uziguani. Kwaluguru, Chanika pale Handeni mjini, Manundu kule Korogwe, habari ni ileile: nguzo nne, mabati, benchi lililochakaa na mbao zilizoegemezwa ukuta wa jirani. Jumamosi shule imefungwa, watoto hujisogeza. Mmoja anatumwa gundi, mwingine anashika ncha ya ubao fundi akipiga msumeno. Hakuna anayeliita hilo darasa, wala hakuna ada. Ulaya na Marekani wapo watu wazima, wenye kazi zao nzuri za ofisini, wanaolipa fedha nyingi kufundishwa mwisho wa wiki mambo hayohayo: kunoa patasi, kupiga randa, kuunga mbao mbili bila msumari. Huko mashine iliwanyang'anya kazi ya mkono zamani, sasa wanaitafuta. Sisi bado tunayo mlangoni, ndiyo maana tunaipita bila kuiamkia.

Naisifu kazi hii kwa sababu moja kubwa: kifaa cha mkono humlazimisha mtu aujue mti. Msumeno wa umeme hupita kwenye mninga na kwenye mpingo kwa kelele moja. Randa haikubali hivyo. Mninga ni mti mwema kwa anayeanza. Unakubali makali, na ukishakauka hautembei sana. Mvule una hila. Nyuzi zake hugeuka njiani, na ndani yake huweza kujificha mawe, chokaa iliyoganda katika moyo wa mti, ambayo makali yakiigonga huna budi kurudi kwenye kinoo. Msaji, kama ule wa shamba la Longuza wilayani Muheza, una chembechembe zinazokula makali polepole hata usijue yamekwisha lini. Na mpingo, mti ambao ukiutupa majini unazama, huo humfundisha kijana unyenyekevu kabla ya chakula cha mchana. Huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa. Aliyetoka jasho saa nzima juu ya kipande chake kimoja atayapita magunia ya mkaa kando ya barabara ya Mkata kwa jicho jingine.

Fundi mwenye akili haanzi na msumeno. Anaanza na kinoo. Mtoto anapewa patasi butu, maji kidogo, na asubuhi nzima ya kusugua, huku pembe ya makali isibadilike. Wengi hukimbia hapo, wakidhani wameadhibiwa. Anayebaki anagundua kwamba chuma chenye makali kinahitaji nguvu kidogo, na kwamba ajali nyingi za kibandani huletwa na vyuma butu vinavyosukumwa kwa hasira. Kisha anaambiwa: mikono yote miwili ikae nyuma ya makali. Wahenga walikwisha kusema kwamba mchonga mwiko hukimbiza mkono wake.

Baada ya makali ndipo huja jicho. Ubao huinuliwa, jicho moja hufumbwa, na mkunjo ambao mkono haukuuhisi unaonekana. Halafu kuunga. Ulimi uchukue theluthi moja ya unene wa mti, tundu lake litobolewe nusu upande huu, nusu upande ule, zikutane katikati. Ulimi ukiwa mkubwa mno, utapasua tundu. Ukiwa mdogo, kiti kitacheza. Na mti, hata ukishakuwa kiti, haujatulia: hupanuka na kusinyaa kwa upana wake, kwa urefu karibu hausogei. Kila mtu mwenye mlango unaogoma wakati wa masika na kufunguka vizuri kiangazi anaijua fizikia hiyo, ila hakuna aliyemwambia kwamba fundi wake hakuuachia mti nafasi ya kupanuka.

Watasema nataka kuturudisha nyuma. La. Mwenye oda ya madawati 100 atumie mashine, tena haraka. Lakini mashine mikononi mwa asiyejua nyuzi inaharibu mbao nyingi kwa muda mfupi tu, na umeme ukikatika anakaa chini kusubiri. Ndivyo tunavyowapata akina fundi maiko, mafundi wa kubahatisha.

Shule nazo zina deni. Tuliosoma Stadi za Kazi tunakumbuka namna somo lile lilivyogeuka biashara: mwalimu anaagiza mpini wa jembe au mwiko, mzazi anaununua gulioni, mtoto anapewa alama. Tangu Januari 2024 mtaala mpya umeleta mkondo wa amali katika sekondari, na ni jambo jema. Wasiwasi wangu ni kwamba tutasubiri karakana na mashine hadi watoto wahitimu bila kugusa ubao. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, kikiwemo cha Handeni, vilianzishwa kuanzia 1975 kwa mfano wa vyuo vya Sweden. Katika nchi hiyohiyo, kule Nääs, Otto Salomon alifundisha walimu useremala wa mkono tangu karne ya 19, na somo lake lilimwanzisha mwanafunzi kwa kisu. Hadi leo kazi za mikono ni somo la lazima katika shule za Sweden. Tuliuchukua mfano wa chuo. Kisu tukakiacha kwao.

Vibandani pia kuna mambo ya kurekebisha. Wapo mafundi wanaomtuma kijana maji na sigara miaka miwili kabla ya kumpa randa, na wapo wanaogeuza mgongo wakipima ili siri isitoke. Zamani huku pwani mwanafunzi aliyehitimu alimpa fundi wake kilemba. Heshima ilikuwa na mwisho unaojulikana, na mafunzo vilevile. Wasichana hawaitwi kabisa, ilhali randa haiulizi jinsia. Na kwa aliyekwisha kujifunza nje ya darasa, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kumpima na kuurasimisha ujuzi wake, kwa hiyo kisingizio cha cheti kimepungua nguvu.

Vifaa vya kuanzia havijazi hata kikapu: randa moja, msumeno, patasi mbili, nyundo, skwea, kinoo. Mkuu wa shule mwenye wanafunzi wa amali anaweza kuzungumza na fundi wa jirani wiki hii, wakakubaliana Jumamosi mbili kwa mwezi na posho ndogo ya mwalimu huyo asiye na chaki. Nawe mzazi mwenye mtoto wa darasa la sita, mpeleke. Mwombe fundi ampe kinoo kwanza, na usimuulize mtoto jioni ametengeneza nini.